Boila la milioni 90, korosho za milioni 420: kisa cha wabanguaji wa Newala

Ukurasa wa mwisho wa mpango ule ulikuwa na namba moja iliyozungushiwa wino mwekundu: milioni 139. Hiyo ndiyo iliyodaiwa kuwa thamani halisi ya sasa ya kiwanda kidogo cha kubangua korosho Newala, yaani faida ya miaka ijayo ikigeuzwa kuwa fedha za leo, ukitoa uwekezaji. Ilipigwa kwa miaka mitano na kiwango cha punguzo cha asilimia 17, yaani kila mwaka fedha inapokawia, thamani yake ya leo inapunguzwa kwa kiwango hicho. Mama mwenyekiti wa kikundi aliuleta darasani kwetu Mtwara mjini ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki, umefungwa vizuri usije ukalowa. Benki ilikuwa imekubali kusikiliza maombi yao. Alichotaka kwetu ni jambo moja. "Mwalimu, mimi nimeishia darasa la saba. Nisomeeni wewe na wanafunzi wako, mniambie kama nisaini."

Nafundisha uchambuzi wa miradi kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara. Wengi wao ni watu wa kazi wanaokuja jioni: ofisa mikopo, mhasibu wa chama cha ushirika, karani wa bandari, mwalimu wa sekondari mwenye mikorosho Tandahimba. Kisa hiki kilitukalia wiki nne nzima, na ratiba ya muhula ikasogea. Nakiandika kwa ruhusa ya wenyewe. Jina la kikundi nimelificha, na namba zao nimezizungusha ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu. Uwiano wa namba hizo sikuugusa.

Kikundi kina akinamama 24. Kila msimu wanabangua tani 12 za korosho ghafi kwa mashine ndogo za kukanyaga na mikono yao wenyewe, kwa akiba walizochanga na mkopo mdogo wa VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mpango ulitaka kuwapandisha hadi tani 120 kwa mwaka, nusu tani kwa siku, siku 240. Boila la mvuke, mashine za kukatia, tanuri la kukaushia, mashine ya kufungashia na ukarabati wa jengo vingegharimu milioni 90. Juu ya hapo mwandishi wa mpango aliongeza milioni 30, akaziita "mtaji wa kuanzia".

Hesabu yake ya mwaka ilikwenda hivi. Korosho ghafi kilo 120,000 kwa shilingi 3,500 ni milioni 420. Gharama za kubangua, yaani ujira, kuni, umeme, vifungashio na usafiri, shilingi 700 kwa kila kilo ghafi, jumla milioni 84. Katika kila kilo 100 ghafi hutoka kilo 22 za kuuza, kwa hiyo zitapatikana kilo 26,400. Zikiuzwa kwa wastani wa shilingi 22,000 zinaleta milioni 580.8. Kinachobaki ni milioni 76.8 kila mwaka. Kwa asilimia 17 na miaka mitano, kila shilingi moja ya kila mwaka ina thamani ya shilingi 3.2 leo, hivyo milioni 76.8 zinakuwa karibu milioni 246. Toa uwekezaji wa milioni 120, rudisha zile 30 mwishoni mwa mwaka wa tano kwa thamani yake ya leo, unapata milioni 139.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Niliwapa wanafunzi dakika ishirini watafute kosa la kujumlisha au kuzidisha, na hawakulipata, kwa sababu halimo. Wengi waliandika "mradi ukubaliwe" na kuanza kukusanya vitabu vyao. Mwalimu wa Tandahimba peke yake alibaki ameinamia karatasi, kisha akauliza, "Hizi korosho za kubangua mwezi wa saba zitanunuliwa lini?"

Kisa chote kimo ndani ya swali hilo.

Mkorosho haujui siku 240 za kiwanda. Huku kwetu korosho huanza kuanguka mwezi wa tisa au wa kumi. Minada hufunguliwa Oktoba, na ikifika Januari, maghala makuu ya Mtwara, Masasi na Newala yanakuwa yamebakiwa na masalia. Kuna sababu ya wanunuzi kuharakisha. India na nchi nyingine zilizo kaskazini ya ikweta huvuna kuanzia Februari na kuendelea, kwa hiyo korosho yetu inaingia sokoni wakati viwanda vya India na Vietnam vimepungukiwa. Mnunuzi mkubwa analipa, anapakia, meli inaondoka. Mbanguaji wa ndani anayetaka kufanya kazi hadi Septemba hana budi kununua shehena ya mwaka mzima ndani ya wiki kumi au kumi na mbili, akiwa bega kwa bega na mtu anayenunua kwa ajili ya meli moja tu.

Kwa kikundi chetu maana yake ni milioni 420 taslimu kabla ya Krismasi. Mpango ulikuwa umewatengea 30.

Nilimwona ofisa mikopo akishika kichwa. Alisema kwenye fomu wanazojaza kazini kuna ukurasa mzima wa mashine, na nafasi ya dhamana, na nafasi ya picha za jengo, lakini shehena haina mahali pake, inaingizwa kwenye mstari mmoja pamoja na kodi ya pango na vifaa vya ofisi. Simlaumu yeye wala aliyeandika mpango. Mashine inaonekana. Ukienda kijijini unaikuta, unaigusa, unaipiga picha. Milioni 420 za korosho zinakuja na kuondoka, na mwisho wa mwaka mahesabu yanaonyesha ghala tupu na wala huwezi kujua kwamba fedha hizo ziliwahi kulala pale.

Hebu tuzilaze sasa. Tukinunua zote Novemba na kuzimaliza pole pole kwa mwaka, wastani wa fedha zilizolala ghalani ni nusu, milioni 210. Kisha kuna wateja. Mpango unasema korosho zitauzwa kwa maduka na hoteli za Dar es Salaam zinazolipa baada ya siku 60. Mauzo ya miezi miwili ni milioni 96.8. Jumla milioni 306.8 ziko nje ya mfuko wa kikundi kwa wastani, mwaka hadi mwaka, mara tatu na zaidi ya bei ya mashine zote.

Hapa niliwataka wanafunzi wafanye kazi kwa njia mbili. Njia ya kwanza, weka milioni 306.8 kama uwekezaji wa mwanzo na uzirudishe mwishoni mwa mwaka wa tano. Kwa kuwa shilingi ya mwaka wa tano ni senti 46 za leo, kuzishikilia fedha hizo kunagharimu karibu milioni 167. Toa hizo pamoja na mashine 90 kutoka kwenye 246 na unapata hasi milioni 11. Njia ya pili, toza asilimia 17 ya milioni 306.8 kila mwaka, yaani milioni 52.2, faida ya mwaka inashuka kutoka 76.8 hadi 24.6, na thamani yake ya miaka mitano haifikii bei ya mashine. Unaishia palepale, hasi 11. Kinachokatazwa ni kutoza mara mbili, kuiweka shehena kwenye uwekezaji halafu ukakata tena riba yake kwenye faida. Wanafunzi watatu walifanya hivyo wakapata hasara ya kutisha, wakataka kumpigia mama simu usiku uleule.

Namba hizo zinajibu maswali mawili yaliyo tofauti, nami nisingependa yachanganywe. Hasi 11 inasema mradi haulipi kiwango cha asilimia 17. Ni tofauti ndogo. Bei ya korosho nyeupe, yaani iliyobanguliwa, ikipanda kidogo inafutika. Milioni 420 za Novemba zinasema jambo jingine: hata kama mradi ungelipa, kikundi hakina mahali pa kuzipata. Mradi wenye thamani chanya unaweza kufa Desemba ya kwanza kwa kukosa korosho, boila likiwa jipya na mkopo wa benki ukianza kudai marejesho.

Mkoa huu umewahi kuona jambo hilo kwa ukubwa wa kitaifa. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, kwa mikopo ikiwamo ya Benki ya Dunia. Msimu wa 1973/74 uzalishaji ulikuwa umefika tani 145,000. Mashine zilipokamilika, korosho zilikuwa zimeondoka. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya na kuiacha mikorosho mbali, bei kwa mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikausha maua. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Baadhi ya majengo hayo leo ni maghala. Karani wa bandari alisema amekuwa akipita mbele ya jengo moja tangu utoto wake akidhani lilijengwa kuwa ghala.

Tukarudi Newala.

Jaribio la pili lilikuwa la bei. Shilingi 3,500 ilitoka wapi? Mwandishi wa mpango alichukua bei za misimu michache akazigawa. Wastani wa korosho ni kitu cha kuogopwa. Mwaka 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa minadani bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000, hadi Rais Magufuli akatangaza Novemba kwamba serikali itanunua yote kwa 3,300, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Msimu wa 2022/23 watu walikuwa wakilalamikia bei za shilingi elfu mbili na kushuka. Msimu wa 2024/25 minada ya mwanzo ilivuka 4,000, na vijijini pikipiki mpya zikawa nyingi kuliko mabango ya kuuza viwanja. Furaha ile ilikuwa ya haki kabisa kwa mkulima. Kwa mbanguaji ni habari nyingine. Tuliweka 4,100 kwenye hesabu yetu na kuacha bei ya korosho nyeupe ilivyo, kwa sababu muuza duka wa Dar es Salaam hapandishi bei kwa sababu ya mnada wa Newala. Malighafi ikawa milioni 492. Faida ya mwaka ikashuka kutoka milioni 76.8 hadi milioni 4.8.

Mwanafunzi mmoja, kijana mwerevu, akapendekeza wanunue mapema, Agosti, kwa wakulima wenye shida ya ada na matibabu. Mhasibu wa ushirika hakumwacha amalize. "Hiyo ni kangomba, ndugu yangu." Darasa likanyamaza. Kangomba ni kununua korosho za mkulima mwenye dhiki kwa bei ya chini nje ya mnada, ukizipima kwa bakuli. Kila mtu wa kusini analijua bakuli hilo na anajua nyumba iliyouza korosho zikiwa bado mtini. Ni kosa kisheria. Soko la korosho ghafi linapita kwenye stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08, yaani mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, na zinauzwa kwa mnada, ili mkulima asiuze shambani kwa bei ya dhiki. Lakini acha sheria kidogo. Akinamama hawa ni wakulima pia. Kiwanda chao kingekuwa kinaishi kwa kumpunja jirani, pengine kumpunja dada aliyekaa benchi moja nao kwenye VICOBA. Nilimwambia kijana kwamba mradi unaohitaji kangomba ili ulipe, haulipi. Aliandika. Wiki iliyofuata yeye ndiye aliyekuja na wazo lililookoa kazi yetu, nitalifikia.

Jaribio la tatu ndilo lililonifundisha mimi. Tulikwenda Newala, wanafunzi tisa na mimi, tukakaa siku nzima kwenye banda lao. Nilikuwa nafundisha ubanguaji kama mstari kwenye jedwali. Pale niliona korosho ikichemshwa kwa mvuke, ikapozwa usiku mzima, ikakatwa. Anayekata hupaka majivu au mafuta mikononi, maana utomvu wa ganda unachoma ngozi. Anaiweka korosho kwenye mashine, anaigeuza kwa kidole gumba ili mkunjo wake ukae sawa na visu, anakanyaga. Korosho nyeupe inatoka nzima, imevaa ngozi yake nyekundu. Inakaushwa tena, inamenywa, inachambuliwa. Bibi mmoja mwenye miaka sitini na kitu alikata zaidi ya mia bila kuvunja hata moja huku akiniuliza habari za watoto. Binti aliyekaa pembeni yake, mwezi wake wa pili kazini, alikuwa akivunja moja katika kila tatu.

Hapo ndipo fedha zilipo. Korosho nzima nyeupe huuzwa kwa madaraja ya ukubwa: W240 ni zile ambazo hazizidi 240 kwa ratili moja (karibu nusu kilo), W320 hazizidi 320, na kadiri punje zinavyokuwa kubwa bei inapanda. Vipande vina bei yao, ya chini. Kwa wateja wa kikundi hiki nzima zinakwenda kwa wastani wa 25,000 kwa kilo na vipande 13,000. Ule wastani wa 22,000 kwenye mpango unawezekana tu kama asilimia 75 zinatoka nzima. Akinamama 24 wa sasa wanafikia hapo, tena wanapita. Lakini tani 120 zinahitaji mikono mara kadhaa ya hiyo, na mikono mipya ni ya yule binti. Nzima zikishuka hadi asilimia 60, wastani wa bei unakuwa 20,200 na mwaka unapoteza milioni 47.5. Kila asilimia moja ya korosho nzima inayogeuka vipande ni milioni 3.2 kwa mwaka. Mpango ulitenga milioni 90 kwa vyuma na haukutenga hata shilingi moja ya kumlipa yule bibi afundishe wenzake.

Nilimwuliza bibi inachukua muda gani mtu kuiva. Akaniambia, "Mwanangu, mwenye haraka haivi." Baadaye tulikubaliana, kwa kuangalia daftari la mizani la kikundi, kwamba mtu huhitaji msimu mzima.

Sasa wazo la yule kijana. Aliuliza kwa nini kikundi kinunue korosho hata kidogo. Wako watu wenye korosho na hawana mikono. Msafirishaji anayepeleka korosho ghafi nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani ya bandarini au dola 160 kwa tani, ile inayozidi. Akipeleka zilizobanguliwa haukuti ushuru huo. Wenye korosho wana sababu ya kutafuta mbanguaji. Basi walete korosho zao, kikundi kibangue kwa ujira wa shilingi 1,000 kwa kila kilo ghafi. Gharama ni 700. Kinabaki 300, chini ya nusu ya zile 640 za mpango, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hili kwa uzito. Lakini shehena si yao na mdaiwa wa siku 60 si wao. Tani 120 kwa 300 ni milioni 36 kwa mwaka; kwa miaka mitano ni milioni 115; toa mashine 90, unabaki na chanya 25. Faida ya mwaka imepungua kwa zaidi ya nusu na mradi umetoka kwenye hasi ukaingia kwenye chanya. Katika miaka yangu ya kufundisha sijapata mfano ulio wazi kuliko huu wa kuwaeleza watu kwamba faida kwa kilo haisemi chochote mpaka ujue fedha imelala muda gani kuitafuta.

Mama mwenyekiti hakulipenda. Nilimpigia simu kumweleza, akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo tunarudi kuwa vibarua." Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kulitengeneza. Kikundi hiki kilianzishwa na wanawake waliokuwa wakibangua kwenye mabanda ya watu wengine kwa malipo ya kilo. Jina lao kwenye pakiti ni fahari yao, na fahari hiyo ina thamani hata kifedha, maana ndiyo inayowaleta kazini saa kumi na mbili asubuhi.

Tukarudi kwenye soko. Pakiti zao za gramu 250 zinauzwa stendi, kwenye mabasi ya Masasi na Dar es Salaam, kwa wasafiri wa uwanja wa ndege wa Mtwara na kwa wageni wanaokwenda Mikindani. Hawa hawasemi "njoo baada ya siku 60". Pakiti ya nzima 7,000, ya vipande 4,000, fedha mkononi. Kwa mchanganyiko wa robo tatu na robo, wastani ni 25,000 kwa kilo. Gharama zinapanda hadi 900 kwa kilo ghafi kwa sababu ya vifungashio vidogo na posho ya wauzaji. Bado inabaki 1,100 kwa kilo ghafi, na ukitoa gharama ya fedha iliyolala ghalani, kama shilingi 300, inabaki 800. Kwa hiyo korosho ya chapa yao inalipa kuliko ujira ikiuzwa rejareja kwa taslimu, na inalipa pungufu ya ujira ikipelekwa kwa duka linalokopa. Swali la masoko lilikuwa limejificha ndani ya swali la fedha muda wote.

Ukomo wake ni idadi ya wasafiri. Tani 20 ghafi ni pakiti 17,600 kwa mwaka, karibu 340 kwa wiki. Sasa wanauza 200. Tukapendekeza tani 20 za chapa yao na 100 za ujira. Kwa mwaka zinaleta milioni 22 na milioni 30. Fedha ya kununulia Novemba ni milioni 70 badala ya 420, na thamani halisi ya sasa ni chanya milioni 57. Ili mradi usishuke chini ya sifuri, tani za ujira zisipungue 40 na kidogo.

Ofisa mikopo aliuliza kuhusu mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao wanawake wana fungu lao la asilimia 4 na hauna riba. Je, kiwango cha punguzo kiwe sifuri? Hapana. Mkopo wa bure hauifanyi korosho iliyolala kuwa ya bure. Fedha ileile ingeweza kumsomesha kazi binti wa mwezi wa pili au kulipa deni la VICOBA. Mradi upimwe kwa 17, halafu nafuu ya mkopo ihesabiwe peke yake: milioni 30 bila riba kwa mwaka ni nafuu ya milioni 5.1. Ziende kwenye shehena, sio kwenye boila, maana boila benki inalikubali kama dhamana. Sehemu iliyobaki ya shehena inaweza kukaa kwenye ghala lenye leseni chini ya stakabadhi, benki ikakopesha sehemu ya thamani yake, na kikundi kikatoa magunia kadiri kinavyolipa. Sheria ya stakabadhi za ghala ya 2005 ndiyo iliyoufungua mlango huo, na mbanguaji mdogo hautumii inavyostahili.

Mhasibu wa ushirika ndiye aliyetuandikia masharti ya mkataba wa ujira, na nilijifunza kwake kuliko kwa kitabu chochote. Sharti alilolisisitiza ni unyevu. Korosho zikipokelewa zikiwa na unyevu wa asilimia 10 na zikikaa ghalani hadi zifike 8, katika tani 100 zinatoweka zaidi ya tani 2 bila mtu kuiba hata punje moja. Kwa bei ya 3,500 ni milioni 7 na nusu. Mwenye korosho akipima kwa mizani peke yake, akinamama wataitwa wezi. Kwa hiyo gunia lipimwe uzito na unyevu siku ya kuingia, pande zote mbili zisaini. Na asilimia ya korosho nzima inayodaiwa isizidi ile ambayo mikono mipya inaifikia mwaka wa kwanza.

Tulimpelekea mama kurasa nne. Usisaini mkopo wa mashine kabla ya mkataba wa ujira. Mfundishaji alipwe kuanzia sasa, kabla boila halijafika. Alizisoma kwenye kikao cha kikundi, walibishana siku mbili, wakarudisha fomu benki kuomba muda.

Mkataba waliopata ni wa tani 60, si 100. Uko juu ya zile 40, na pamoja na tani 20 za chapa yao mradi unabaki na chanya milioni 19. Mimi nawashauri waanze na tani 15 za chapa yao. Nafahamu kwamba thamani inashuka hadi milioni 6, lakini wanahitaji milioni 52.5 tu Novemba badala ya 70, na mwaka wa kwanza wa boila jipya nataka wabaki na akiba. Mama anashikilia 20. Anasema ameshahesabu mabasi yanayopita stendi kila asubuhi, na ameniandikia orodha yake kwa mkono, basi kwa basi, na idadi ya pakiti zinazouzwa katika kila moja. Nimeanza kuipitia.